Nyumba Isiyovuja

Watu wa mtaa wa Katuba walimwita mama wa feni kabla hawajajua kwamba jina lake ni Séphora Ntumba. Alikuwa akifika asubuhi na gari la mradi, anaomba ruhusa kwa mwenye nyumba, kisha yeye na dereva wanasimamisha fremu ya alumini katikati ya mlango wa mbele, wanatandaza kitambaa kizito chekundu mpaka mlango mzima umezibwa, na chini ya kitambaa wanachomeka feni kubwa kama pipa. Madirisha yote yanafungwa. Feni ikiwashwa, inavuta hewa ya ndani na kuitupa nje, na nyumba inaanza kupumua kwa kila ufa ilio nao: chini ya bati, pembeni mwa dirisha, kwenye matundu ya ukuta. Séphora anapita chumba kwa chumba na kijiti kinachofuka moshi, anatazama moshi unasukumwa wapi, anasoma kipimo, anaandika.

Ndiyo ilikuwa kazi yake, kupima nyumba za Lubumbashi zinavuja hewa kiasi gani. Anayeijua Lubumbashi kwa kusikia tu atacheka, maana wageni hudhani Kongo yote ni joto. Sisi tunaijua Juni. Tunaujua ule upepo mkavu unaopita chini ya mlango kama nyoka, na majani ya bustani yanayoamka meupe kwa baridi. Mwezi huo mwenye umeme anaacha resho, jiko dogo la umeme, inawaka chumbani mpaka asubuhi. Asiye na umeme anatafuta makala, yaani makaa. Ikifika Oktoba, wenye nacho wanawasha mashine za baridi. Na umeme wenyewe hautoshi, leo upo mtaa huu, kesho umekwenda mtaa ule. Kwa hiyo palikuja mradi kutoka nje, na mkoani ikaundwa kamati ya kuandika sera ya kubana matumizi ya nishati. Kamati ilitaka takwimu: joto kiasi gani linapotelea kwenye nyufa? Takwimu hizo ndizo Séphora aliajiriwa kuzitafuta.

Babu yake alitoka Kasai kuja kuwa karani, baba yake aliuza vitabu vya shule na madaftari, na nyumbani kwao mtoto alisoma au alisoma, hakukuwa na njia ya tatu. Séphora alisomea ujenzi, mwanamke peke yake darasani. Alipomaliza hakupata kazi ya fani yake, akafundisha hesabu kwenye shule ya mtu binafsi kwa miaka kadhaa, akiyaona majengo yanapanda mjini bila yeye. Mradi ulipomchukua, mama yake alitoa shukrani kanisani. Na Séphora mwenyewe aliamini jambo ambalo wengi wa mji wetu wameshaacha kuliamini: kwamba mkubwa akiletewa ukweli uliopimwa, ataona aibu kuupuuza.

Alimjua Mama Albertine kwa njia ya kazi hiyo. Huyu alikuwa mjane wa fundi wa reli, Mkatoliki wa kaskazini, mama mnene wa kicheko cha haraka. Nyumba ya kampuni waliyokaa enzi za mume wake ilikuwa imekwenda na mume wake. Sasa alipanga nyumba ndogo katika lupango, kiwanja chenye nyumba kadhaa za kupangisha, la mtu mmoja aitwaye Kalenga. Alikaa na mjukuu wake, Plamedie, msichana mkubwa aliyekuwa akisomea uuguzi.

Siku ya kwanza Mama Albertine alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akiitazama feni.

"Banasema unavutaka roho ya bantu na hii mashini."

"Na wewe, mama, unaamini vile?"

"Miye nilibaambia roho yangu ilishazeeka. Hata ukiivuta, utaniletea tena wewe mwenyewe." Akacheka, akasogea pembeni. "Ingia."

Feni ilipowashwa, pazia la chumbani lilipepea kama kuna tufani. Vumbi jekundu lilimwagika kutoka juu ya kuta. Moshi wa kijiti ulikimbia huku na huku bila kujua ufuate tundu lipi, na kipimo kilipanda mpaka Séphora akarudia kukisoma mara ya pili.

"Mama, nyumba yako iko kama kitunga."

"Njo vile inanipigaka busiku. Mifupa inalia." Mama Albertine alionyesha matofali yenye matundu yaliyopangwa juu ya kila dirisha, kama yalivyopangwa kwenye nyumba nyingi za zamani. "Weye unajua mambo ya nyumba. Unaweza kunifungia hii yote?"

"Hii haiko ya kufunga ovyo. Ufa ya mulango, sawa. Ufa ya dirisha, sawa. Lakini hii matundu njo inatoshaka moshi inje. Ukifunga hii, na ukaingiza mbabula ya makala ndani, utalala na hautaamuka."

"Basi unapimaka ya nini, kama hauniletee joto?"

Séphora alicheka. Akamweleza kwamba vipimo vitapelekwa kwa wakubwa, na wakubwa wataandika sheria nzuri, na pengine siku moja watu kama yeye watasaidiwa kupata dari, milango inayofunga sawasawa, na bomba la kutolea moshi. Mama Albertine alisikiliza kwa adabu kama mtu anavyosikiliza mahubiri ya padri mgeni.

"Mungu akusaidie, binti," akasema. "Ila fanya mbio. Miye na Juni hatupatanake."

Kipimo cha aina hiyo hurudiwa msimu baada ya msimu, kwa hiyo Séphora alirudi, na kila aliporudi alikuta sahani yake ya bukari na sombe imefunikwa. Plamedie alimwita tantine, yaani shangazi. Msichana huyo alikuwa na mikono mizuri, tulivu. Watu wa jirani walipoandikiwa sindano walikuja kudungwa na yeye, wakisema hawasikii hata mahali ilipoingia. Alimwambia Séphora kwamba akimaliza masomo atatafuta hospitali ya watoto, kwa sababu mishipa ya watoto ni midogo na wauguzi wengi wanaikosa.

Séphora alipima pia kule Golf, mtaa wa wenye nacho, kwenye nyumba za ghorofa zenye kuta ndefu na walinzi. Baadhi ya wenyewe hawakumfungulia. Wengine walimfungulia, na alichokikuta humo kilimkera. Nyumba moja ilikuwa na mashine ya baridi katika kila chumba, zote zinanguruma, na madirisha ya sebuleni yamefunguliwa wazi. Alimwuliza mwenye nyumba kwa nini.

"Madame hapendi hewa iliyofungwa," mwenye nyumba alijibu.

Vipimo vilipokusanywa vyote pamoja, picha ilikuwa wazi. Nyumba za Katuba zilivuja zaidi, hilo ni kweli, lakini zilivuja joto la mbabula na la miili ya watu. Umeme ndani yake ulikuwa wa taa na redio. Umeme uliopotea kwa kweli ulipotelea Golf na kwenye majengo ya ofisi. Séphora aliyaandika hayo katika ripoti yake. Akaandika pia, kwa maneno yasiyoweza kusomwa vingine, kwamba matundu ya juu ya kuta yasizibwe katika nyumba yoyote inayotumia makala mpaka iwe imewekewa njia nyingine ya hewa.

Mkuu wa mradi, Clément, alimwita ofisini. Clément hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, aliwasalimu madereva kwa majina ya watoto wao, na alikuwa amechoka. Wafadhili walitaka waone sera imetangazwa kabla ya mradi kufungwa.

"Nilisoma yote. Kazi muzuri," alisema. "Ila mambo ya Golf, tutatosha mu ripoti. Zile nyumba haziko nyingi, zinaharibu moyenne, wastani ya zote."

"Haziharibu, Directeur. Njo zinaonyesha courant ya umeme inaendaka wapi."

"Séphora. Unajua nani anakaaka Golf?" Akaigonga ripoti kwa kidole. Kisha akaendelea: "Njo bale bale batasoma ripoti."

"Na ile ya matundu?"

"Ile nayo ni ndefu. Bantu ya kamati habasomake 'lakini'. Banasomaka chiffre, namba tu. Tutaiweka mu annexe, nyuma ya ripoti."

"Directeur, mu annexe hakuna muntu anafikaka."

Clément alivua miwani, akafikicha macho. "Tuanze na kitu kidogo chenye kinapita. Tutarekebisha nyuma."

Séphora alibishana mpaka sauti ikamkauka. Alimwandikia barua pepe, akamrudia tena wiki iliyofuata. Kila mara alijibiwa kwa upole ule ule. Ripoti ilipotoka ilikuwa na karatasi laini na picha ya feni yake kwenye jalada, na ndani yake Golf haikuwemo, na tahadhari ya matundu haikuwemo hata kwenye annexe.

Sera iliitwa Nyumba Isiyovuja. Ilisema mambo mengi, lakini watu walishika moja tu: mwenye lupango atakayeziba nyumba zake atatangulia kupata mita mpya za umeme. Wakaguzi hawakupewa feni. Walipita wakiangalia kwa macho, na kwa macho tundu ni tundu. Wenye nyumba hawakuhangaika na milango wala madirisha, vitu vya gharama. Walichanganya simenti na mchanga, wakapandisha fundi kwenye ngazi, wakaziba yale matofali yenye matundu mtaa hadi mtaa. Ukipita Katuba mwanzoni mwa Juni ungeona juu ya kila dirisha kiraka cha kijivu ambacho bado hakijakauka.

Kalenga alikuwa wa mbele. Alipata mita zake, na wapangaji walizishangilia. Umeme wenyewe ulikuja siku chache, ukakatwa kama kawaida.

Wiki hiyo Séphora hakuwapo mjini. Vyombo vipya vya kupimia vya mradi vilikuwa vimekwama Kasumbalesa, mpakani, na yeye ndiye aliyetumwa kuvikomboa kwa sababu ndiye aliyevijua. Malori yalipangana mpaka macho yanachoka. Afisa wa forodha alitaka kujua mtambo wa kupima upepo unaingia katika kundi gani la bidhaa, na kila alipoelezwa alimwambia arudi kesho. Séphora alikuwa amekaa kwenye benchi ya wakala, anakunywa chai, simu ikaita. Mama Albertine. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata zawadi.

"Binti! Nyumba iko moto! Kalenga alifunga yote na simenti. Mupepo haiingie tena hata kidogo. Nalala sasa kama mutoto!"

Séphora alisimama, kikombe mkononi. "Mama, mbabula iko wapi?"

"Iko inje, mama. Iko inje."

"Mama Albertine, usinidanganye. Munapikia inje, na munaacha inje?"

"Ee, si nilikuambia? Inje."

"Nipatie Plamedie."

Plamedie alipokea. Séphora alimweleza upya, polepole, kama anamfundisha: makala yanayoonekana yamekufa bado yanatoa sumu, haina harufu, haikohozeshi mtu, inakuja na usingizi. Plamedie alisema anajua, walifundishwa shuleni. "Usiogope, tantine. Tunaingizaka kidogo tu mangaribi ju nyanya yangu anatetemeka na baridi. Kisha naacha mulango wazi kidogo, natosha mbabula inje mbele ya kulala."

"Hapana kidogo, Plamedie! Hapana hata kidogo!"

"Sawa, tantine."

Baada ya hapo Séphora alimpigia Kalenga, akamsihi abomoe hata tofali moja kwa kila chumba. Kalenga alisema ndiyo, ndiyo, madame, kwa sauti ya mtu anayeendesha gari. Akampigia Clément, akamwomba amtume mtu Katuba siku ile ile. Clément alisema wote wako semina. Jumatatu atamtuma mtu bila kukosa. Séphora alifikiri kuviacha vyombo na kurudi. Afisa wa forodha alikuwa ameahidi saa yoyote sasa. Akabaki.

Jumapili asubuhi Mama Albertine hakuonekana misa ya kwanza, yeye aliyekuwa akiwatangulia hata watawa. Jirani waliokuja kumgongea walikuta mlango umefungwa na nguo imekunjwa kuziba nafasi ya chini yake. Kulikuwa na baridi kali usiku ule, na mtu mzee alikuwa ameamka kuzuia upepo wa mwisho uliobaki. Walipovunja mlango, mbabula ilikuwa katikati ya chumba, jivu juu, na chini ya jivu bado kuna wekundu. Mama Albertine alikuwa amelala kwa ubavu, uso wake una rangi nzuri, wakadhani amelala tu. Plamedie alikuwa ameanguka karibu na mlango. Yeye alikuwa anapumua.

Baadaye, maneno yalipoanza kumrudia, Plamedie alieleza kidogo alichokumbuka. Mbabula aliitoa kama alivyoahidi. Bibi yake akaamka, akasema anakufa na baridi, akairudisha mwenyewe.

Séphora alifika kwenye kilio akiwa bado na vumbi la barabara ya Kasumbalesa. Wanawake walikuwa wameketi chini kwenye mikeka, na nyimbo za kanisa zilikuwa zinaendelea. Alikaa nyuma. Halafu alianza kusikia yale yaliyokuwa yakisemwa pembeni, na yalikuwa mabaya kuliko alivyotarajia. Binamu wa marehemu alikuwa akiuliza kwa nini bibi amekufa na mjukuu amebaki, walikuwa chumba kimoja, wakala chakula kimoja. Mwingine akasema watoto wa siku hizi wa mambo ya hospitali, hujui wanaleta nini nyumbani. Neno uchawi lilikuwa halijatajwa, lakini lilikuwa limeshavutiwa kiti.

Séphora alisimama mbele za watu, jambo ambalo mgeni hafanyi kwenye kilio. Akaeleza habari ya makala na ya matundu yaliyozibwa. Akasema Plamedie hana kosa, kilichomwua bibi yake ni hewa iliyokosa pa kutokea. Wengine walitikisa vichwa. Kalenga, aliyekuwa ameketi na wanaume, aliangalia viatu vyake.

Yule binamu akainuka. "Weye si mama wa feni? Si weye njo ulikuja kuvuta hewa mu hii nyumba?"

"Nilikuja kupima, mama."

"Ulivuta, ulivuta, ulirudia tena kuvuta. Sasa unatuambia hewa ilikosekana." Akawageukia wengine. "Munasikia? Mwenyewe anasema."

Séphora alianza kueleza tena, lakini makelele yaliyofuata yalimfunika. Wanaume wawili wa parokia walimsindikiza mpaka barabarani, kwa heshima, wakimwomba asirudi siku ya mazishi. Hakurudi. Alisimama ng'ambo ya barabara, akaona jeneza linapita.

Cheti cha kifo kiliandikwa moyo. Daktari aliyekiandika hakufika kwenye nyumba, alielezwa tu kwamba ni mama mzee na mnene. Séphora alipokwenda kumwomba abadilishe, aliambiwa ndugu hawajalalamika.

Mwezi wa saba mradi ulianza vipimo vya baada ya sera, ili kuonyesha tofauti. Nyumba zilizopimwa mwanzo ndizo zilizopaswa kupimwa tena, na nyumba ya Mama Albertine ilikuwamo. Séphora angeweza kumtuma mwingine. Alikwenda mwenyewe. Ndani palikuwa patupu, sakafu imeoshwa, harufu ya dawa ya sakafu. Walisimamisha fremu, wakatandaza kitambaa, wakawasha feni. Hakuna pazia lililopepea. Moshi wa kijiti ulipanda wima, ukasimama chini ya bati kama umepotea njia. Dereva alisoma kipimo, akasema bila kufikiri, "Eh, madame, hii imeshinda zote." Kisha akakumbuka wako wapi, akatoka nje.

Ilikuwa kweli. Katika vipimo vyote vya Katuba, hakuna nyumba iliyoboreka kama ile.

Clément alifurahi alipoona safu ya namba, kabla hajajua ni nyumba gani. Alipojua, aliirudisha karatasi mezani. Kisha akasema namba ni namba, na wageni wa wafadhili wanakuja, na wanahitaji kuonyeshwa mfano mmoja.

"Mule mulikufia muntu, Directeur."

"Cheti inasema moyo."

"Weye unajua."

"Miye niliambiwa na nani? Na weye? Weye haukukuwa pale." Alisema bila hasira. Alikuwa anamwonyesha tu njia ambayo wote wawili wangeweza kupita. "Séphora, tukisimamisha hii sasa, hakutakuwa programu ingine miaka kumi. Utapima na nini? Utasaidia nani?"

"Basi tuandike 'lakini'. Moja tu."

Clément aligeukia dirisha. Hakuandika.

Séphora alikataa kutia sahihi kwenye ripoti ya pili. Mkataba wake ulipoisha haukuongezwa, na sahihi ilitiwa na kijana aliyeletwa kutoka mji mwingine, ambaye hakuwahi kufika Katuba. Séphora alijaribu redio moja. Mtangazaji alimsikiliza vizuri, akamwambia habari ni nzito, atamwita. Alijaribu kwa mtu wa kamati. Alipokewa na katibu. Mchungaji wa kanisa lake alimruhusu azungumze na akina mama baada ya ibada, na hao walimsikia. Baadhi yao walikwenda nyumbani wakachukua patasi. Ndilo jambo pekee alilolifanya mwaka ule ambalo anaweza kulitaja bila kuinamisha kichwa.

Nyumba ya Mama Albertine ilipata wapangaji haraka, maana ilikuwa na mita mpya. Séphora alimfuata mama wa nyumba, mwanamke kijana aitwaye Daniella, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Alimweleza yote, hata kifo, ambacho Kalenga hakuwa amemwambia. Daniella alishtuka, akamkumbatia mtoto. Alikubali tofali moja litobolewe chumbani, na Séphora alilitoboa kwa nyundo aliyokuja nayo. Alipopita tena Agosti, kiraka kilikuwa kimerudi. Daniella hakumkaribisha ndani.

"Bailleur, Kalenga, alisema kama tunatoboa, tutoke," alisema kwa sauti ya chini. "Na mutoto alikuwa anakohoa na mupepo. Sasa hakohoe. Tantine, unisamehe."

"Na mbabula?"

"Tunatia inje," Daniella akasema, akiangalia pembeni.

Sasa Séphora amerudi kwenye hesabu, shule nyingine, watoto wengine. Sera imesifiwa, inasemekana miji mingine ya mkoa itaichukua. Feni yake iko stoo ya ofisi iliyobadilika jina.

Plamedie alitoka hospitalini akiwa hai, na kila mtu alisema ni muujiza. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka, na maneno mengine yalimpotea katikati ya sentensi. Shule ya uuguzi ilimvumilia wiki chache. Katika mafunzo ya sindano alimtoboa mgonjwa mara kadhaa bila kupata mshipa, mgonjwa akalia, wakamwomba apumzike. Ndugu zake wa Lubumbashi walikuwa bado wakimtazama kama aliyemla bibi yake. Shangazi yake wa Kipushi, Brigitte, ndiye aliyemchukua, akamweka kwenye kibanda chake cha mafuta na sabuni, karibu na njia ya watu wanaovuka kwenda Zambia.

Séphora alikwenda kumwona mwanzo wa mvua. Alichukua zawadi, kitenge na dawa ya viungo, na alikuwa amepanga njiani maneno ya kusema. Plamedie alimpa kiti. Hakumwita tantine. Séphora aliweka zawadi mezani.

"Ulikuwa unajua," Plamedie alisema. Alisema taratibu, akichagua kila neno. "Mbele ya sheria kutoka. Ulikuwa unajua itaua."

"Nilijua."

"Na ulibaambia."

"Nilibaambia, Plamedie. Niliandika. Nilibaambia tena na tena."

Msichana alifikiri. Uso wake haukuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Séphora zaidi.

"Na miye pia nilijua," akasema. "Nyanya alijua. Kalenga alijua. Sasa mutu gani hakukuwa anajua?"

Mteja alifika, mama mwenye mzigo kichwani, akataka mafuta ya kupikia katika chupa yake. Plamedie aliinuka, akashika mtungi kwa mikono miwili. Mtungi ukaanza kucheza. Mafuta yakamwagika mezani, yakatiririka mpaka kwenye mfuko wa mteja, na mteja akapiga kelele kwamba katika Kipushi nzima ameangukia muuzaji mlevi asubuhi yote hii. Séphora aliruka na leso yake kufuta.

"Acha," Plamedie akamwambia. "Nitafuta miye."

Akainama, akaanza kufuta, polepole sana, huku mteja bado anasema. Séphora alibaki amesimama na leso mkononi mpaka gari la kumrudisha Lubumbashi likapiga honi.